Antena ya Nje kwa Mtandao wa Kijijini: Pima Kwanza, Panda Paani Baadaye

Malalamiko ninayoyasikia hayabadiliki: "Nimenunua antena, nimeipandisha juu ya paa, waya nimeuteremsha hadi sebuleni, na mtandao uko vilevile." Wengine husema umezidi kuwa mbaya. Mara nyingi antena yenyewe haina kosa lolote. Mwenye nyumba alinunua kabla ya kupima, akaelekeza kwenye mnara anaouona badala ya ule unaomhudumia, kisha faida yote ikaliwa na waya mwembamba wa mita ishirini.

Mwongozo huu ni wa anayeishi mahali ambapo simu hushika mtandao ukisimama dirishani au ukipanda kichuguu, lakini ukiingia ndani unapotea. Kama kwako hakuna mtandao hata juu ya mti mrefu kuliko yote, fanya hatua mbili za kwanza kabla ya kutoa pesa. Antena haitengenezi mawimbi. Inakusanya yaliyopo tu.

## Kwanza jiulize: antena itachomekwa wapi?

Swali hili huwanasa wengi, kwa hiyo nalitanguliza. Simu za siku hizi hazina tundu la antena. Ukinunua antena ukidhani utaichomeka kwenye simu, umenunua pambo la paa.

Njia inayofaa nyumba nyingi ni ruta ya 4G yenye matundu ya antena ya nje. Laini inakaa ndani ya ruta, ruta inatoa Wi-Fi, na simu zote za nyumbani zinatumia Wi-Fi hiyo. Kupiga simu unatumia programu za intaneti, au huduma ya kupiga simu kupitia Wi-Fi ikiwa kampuni yako ya simu inayo. Kama shida yako ni sauti tu, ipo simu ya mezani inayotumia laini. Nyingi zina tundu la antena mgongoni.

Kuhusu vile vikuza mawimbi vinavyotumia umeme, vyenye antena moja nje na nyingine ndani: katika nchi nyingi huruhusiwi kuvifunga bila idhini ya kampuni ya simu au mamlaka ya mawasiliano. Sababu ni ya msingi. Antena ya ndani ikisikika na ile ya nje, kikuza huanza kujisikiliza chenyewe, kinapiga mbinja kama kipaza sauti kilichosogezwa karibu na spika, na kelele hiyo inauziba mnara kwa majirani wote. Uliza kwanza. Antena tupu isiyo na kikuza, iliyochomekwa kwenye ruta, haina tatizo hilo.

Wapo pia wanaounganisha antena mbili kwa waya bila umeme, moja nje na nyingine ndani. Hilo husaidia pale tu mawimbi ya nje yanapokuwa na nguvu sana tayari, na simu ukiiweka sentimita chache kutoka antena ya ndani. Mahali ambapo mtandao ni dhaifu, usijisumbue.

## Vifaa

- Ruta ya 4G yenye matundu mawili ya antena. Hakikisha matundu hayo ni ya 4G. Baadhi ya ruta zina matundu ya antena za Wi-Fi, na hayo hayakusaidii hapa.
- Antena ya kuelekeza upande mmoja, moja au mbili (tutachagua hatua ya 3).
- Waya mnene wa antena wa omu 50, mfupi kadiri inavyowezekana.
- Viunganishi vinavyolingana na matundu ya ruta yako.
- Bomba la chuma lisiloshika kutu, lenye kipenyo cha milimita 40 hadi 50, pamoja na vibanio vyake.
- Waya wa shaba na fimbo ya kuzamisha ardhini kwa ajili ya erthi.
- Tepu ya mpira inayojigandisha yenyewe, tepu nyeusi ya umeme, na vifungo vya plastiki visivyoharibiwa na jua.
- Spana, dira, ngazi imara, daftari na kalamu.
- Mtu wa pili. Simtaji kwa utani. Bila yeye hatua ya 5 ni hatari, na ya 6 itakupandisha na kukushusha ngazi siku nzima.

Usinunue antena wala waya kabla ya kumaliza hatua ya 2. Ruta unaweza kuwa nayo mapema.

## Hatua ya 1: Pima hali ilivyo sasa

Sahau vile vipau vinne juu ya kioo cha simu. Kila mtengenezaji huvipanga apendavyo, ndiyo maana simu mbili zenye laini za kampuni moja, zikilazwa meza moja, huonyesha vipau tofauti. Unachotafuta ni namba.

Kwenye ruta, fungua kivinjari na uandike anwani iliyobandikwa chini ya ruta. Mara nyingi huwa 192.168.8.1, 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Tafuta ukurasa wa hali ya mtandao. Kwenye simu ya Android, ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha hali ya laini. Kwenye iPhone, piga *3001#12345#*.

Namba ya kwanza ni RSRP, nguvu ya mawimbi. Huandikwa kwa hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo inavyokuwa bora:

- Juu ya -80: nguvu tele. Tatizo lako halitatuliwi na antena.
- Kati ya -80 na -95: nzuri.
- Kati ya -95 na -105: wastani.
- Kati ya -105 na -115: dhaifu. Hapa ndipo antena hulipa gharama yake.
- Chini ya -115: ukingoni; ikipita -120, kifaa kinashika na kuachia.

Namba ya pili ni SINR, usafi wa mawimbi, na wengi hawaitazami. RSRP ni ukubwa wa sauti ya anayekusemesha. SINR ni jinsi sauti hiyo inavyojitenga na kelele za wengine. Mtu anaweza kukupigia kelele sikioni katikati ya soko na usiambulie neno. SINR ya 20 na zaidi ni safi sana, 10 hadi 20 ni nzuri, 0 hadi 10 unajikokota, na chini ya sifuri mtandao utakuwa unasuasua hata kama nguvu ipo.

Kumbuka pia hesabu ya desibeli, kipimo cha namba hizi mbili: kila 3 zinazoongezeka ni nguvu mara mbili, na kila 10 ni mara kumi. Kutoka -112 hadi -102 kwa macho ni tofauti ndogo, lakini umepata nguvu mara kumi.

Pima sehemu tatu: ndani unapokaa, nje usawa wa ardhi, na juu pale antena itakapokaa. Subiri dakika moja kila mahali, maana namba huchelewa kubadilika. Rudia asubuhi na usiku. Andika kila kitu: RSRP, SINR, namba ya bendi (kundi la masafa ambalo mnara unakuhudumia nalo), na kasi.

Kwa nini sehemu tatu? Kwa sababu tofauti ya ndani na nje inakuonyesha kuta na paa zinakula kiasi gani. Mabati huzuia mawimbi kama yanavyozuia mvua. Nimewahi kuona nyumba ambako kuhamisha ruta kutoka kabatini hadi dirisha linalotazama mnara kulitosha, na mwenyewe alikuwa amejiandaa kununua mlingoti.

Onyo: kama nje RSRP ni -85 na SINR ni 15, lakini usiku kasi inakufa na alfajiri inarudi, mnara umeelemewa na watu. Antena haiondoi foleni. Jaribu laini ya kampuni nyingine kabla ya kuendelea.

Umefanikiwa ukiwa na: ukurasa wa daftari wenye namba za sehemu tatu, za nyakati mbili. Bila huo hutajua baadaye kama umepata faida au umejifariji.

## Hatua ya 2: Ujue mnara wako na bendi yake

Hapa nina kovu langu. Mchana mzima nilikaa juu ya ngazi nikielekeza antena kwenye mnara uliokuwa kilomita tatu hivi, unaonekana wazi, usiku una taa nyekundu. Namba hazikusogea. Kumbe mnara ule haukuwa na mitambo ya kampuni yangu kabisa; laini yangu ilikuwa inahudumiwa na mnara mwingine nyuma ya kilima, upande wa pili. Mnara kuonekana si hoja. Unaweza kuwa wa kampuni nyingine, au wa redio.

Programu kama CellMapper hukuonyesha simu yako imeshika mnara gani, bendi gani, na takribani mnara huo uko wapi kwenye ramani. Mahali pa minara hukadiriwa na watumiaji, kwa hiyo chukua ramani kama dokezo, si hati ya kiwanja.

Thibitisha kwa mwili wako. Simama uwanjani, shika simu karibu na kifua, zunguka polepole kwa robo duara, ukisimama nusu dakika kila upande. Mwili wako unaziba mawimbi. Pale namba inaposhuka zaidi, mnara uko mgongoni kwako. Ni mbinu ya kienyeji, lakini imeniokoa mara nyingi.

Kisha andika namba ya bendi. Zinazokutwa sana ni hizi: bendi 28 ni megahezi 700, bendi 20 ni 800, bendi 8 ni 900, bendi 3 ni 1800, bendi 1 ni 2100, na bendi 7 ni 2600. Masafa ya chini, 700 hadi 900, husafiri mbali na hupenya miti na kuta vizuri zaidi. Ya juu hubeba mzigo mkubwa wa data lakini huchoka mapema. Kijijini, mbali na mnara, mara nyingi utajikuta kwenye zile za chini.

Mwisho tazama kilicho katikati yako na mnara. Mawimbi hayasafiri kama uzi uliovutwa; yanahitaji nafasi iliyotuna katikati kama kokwa la tende. Kwa mnara ulio kilomita 10, katikati ya safari nafasi hiyo ina nusu kipenyo cha mita 29 hivi kwa masafa ya 900, na mita 20 kwa 1800. Ndiyo maana hata mnara ukionekana juu ya vilele vya miti, miti hiyo bado inakula mawimbi yako, na majani yakilowa hula zaidi.

Umefanikiwa ukiwa na: upande wa dira, namba ya bendi, na jibu la kweli kama kuna kilima kati yenu.

## Hatua ya 3: Chagua antena

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni antena ya log-periodic: ule mfano wa mifupa ya samaki ambao vijiti vyake hufupika kidogo kidogo kuelekea mbele, mara nyingi umefichwa ndani ya ganda la plastiki. Nyingi hukamata masafa yote kuanzia 700 hadi 2700, na huongeza 9 hadi 11 dBi, yaani desibeli zinazoletwa na antena yenyewe. Kampuni ikibadilisha bendi kesho, antena yako haigeuki kuni.

Yagi hufanana nayo lakini huwa imetengenezewa bendi moja au mbili. Hufika 10 hadi 15 dBi. Inunue ukiwa na uhakika wa bendi yako. Antena bapa, ile ya sanduku, huwa na antena mbili ndani na nyaya mbili, ni rahisi kufunga na upepo hauisumbui sana. Sahani ya wavu hupita 20 dBi, ni ya kilomita nyingi sana; mwale wake ni mwembamba kiasi kwamba mlingoti ukiyumba kidogo mnara unakuponyoka.

Fimbo inayosikiliza pande zote achia wenye magari na mashua. Hukusanya mnara wako pamoja na kelele za minara mingine yote.

Onyo: ukiona kifimbo cha sentimita ishirini chenye sumaku kimeandikwa 35 dBi, huo ni uongo uliochapwa kwenye boksi. Nguvu ya antena hutokana na ukubwa wake ukilinganisha na urefu wa wimbi, na wimbi la megahezi 800 lina sentimita 37 na nusu. Kifaa kifupi kuliko wimbi lenyewe hakiwezi kufanya muujiza huo.

### Moja au mbili?

4G hutuma data kwa njia mbili kwa wakati mmoja, ndiyo maana ruta ina matundu mawili. Ukitaka kasi kamili, funga antena mbili zinazofanana, au moja bapa yenye nyaya mbili. Zile mbili hulazwa kwa nyuzi 45, moja kushoto na nyingine kulia, ukizitazama kwa mbele zinafanya alama ya X. Minara mingi hutuma mawimbi yaliyolala hivyohivyo.

Antena moja inatosha kama shida yako ni kushika mtandao tu, si kasi. Kwenye mawimbi dhaifu sana, tofauti ya moja na mbili huwa ndogo kuliko watu wanavyodhani.

## Hatua ya 4: Waya na viunganishi

Faida huvujia hapa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Waya wa antena haupitishi mawimbi bure. Kila mita inakata ushuru, na masafa yakipanda ushuru unapanda. Chukua antena ya 11 dBi kwenye masafa ya 1800, waya mita 20:

- Waya wa RG174, ule mwembamba kama wa chaja, hula zaidi ya desibeli 1 kwa kila mita. Umeingia hasara.
- Waya wa RG58 wa kawaida hula zaidi ya 15 kwa mita 20. Bado hasara: 11 zimeingia, 15 zimetoka.
- Waya wa LMR-400, mnene kama kidole kidogo, hula takribani 4. Unabaki na 7.

Kwa hiyo, yule aliyepandisha antena nzuri na kuteremsha RG58 mita ishirini, mtandao wake kuwa mbaya kuliko mwanzo si uchawi. Ni kutoa na kujumlisha.

Kanuni ninayoifuata: waya ukizidi mita 10, ama nunua mnene kweli, ama pandisha ruta badala ya kuteremsha mawimbi. Weka ruta kwenye sanduku lisiloingiza maji karibu na antena, waya wa antena uwe mita moja au mbili, kisha shuka na kebo ya mtandao wa kompyuta. Hiyo hufika mita 100 bila kupoteza data, na umeme wa ruta unaweza kupita humohumo kwa kifaa chake maalumu. Jihadhari na joto: sanduku likae kivulini, upande wa chini liwe na matundu ya kupumulia. Kwa mlingoti mrefu, ruta maalumu za nje zilizo na antena ndani yake ndizo chaguo langu la kwanza. Huepusha nusu ya maudhi ya mwongozo huu.

Vipi kuhusu waya wa dishi la televisheni? Mafundi wengi watakuambia ni mwiko kwa kuwa ni wa omu 75. Ukweli hauko hivyo kabisa. Kutolingana kwa omu kunarudisha takribani asilimia 4 tu ya nguvu, na waya huo wa dishi (RG6) ukiwa mzuri hula kidogo kuliko RG58. Tatizo ni ncha: viunganishi vya dishi havifanani na vya ruta, unaishia kupanga vigeuzi vitatu mfululizo, na kila kimoja ni mlango wa maji na wa hasara. Ukiwa nao tayari, ujaribie. Usiununue kwa kazi hii.

### Ncha zinazofanana lakini hazipatani

Ruta nyingi za mezani zina tundu la SMA: nyuzi kwa nje, kitundu katikati. Ncha ya waya wako iwe na pini katikati. Kuna ndugu yake wa Wi-Fi, RP-SMA, aliyegeuzwa: ncha ya waya wake ina kitundu. Ukifunga hiyo kwenye ruta ya SMA, itazunguka na kukaza vizuri kabisa, huku ndani kitundu kimetazamana na kitundu, hakuna kinachogusana. Tazama ncha kabla ya kulipa.

Ruta ndogo za mfukoni hutumia TS9 au CRC9, vitundu vidogo vya kubonyeza. Vinakaribiana kwa ukubwa lakini havibadilishani. CRC9 ni kidogo zaidi. Ikigoma kuingia, usilazimishe, tundu litang'oka kwenye ubao wa ndani na ruta imekwisha. Ncha hizi pia huchomoka kwa kuvutwa kidogo, kwa hiyo funga waya kwenye kitu kigumu karibu na ruta.

## Hatua ya 5: Mlingoti, umeme na radi

Tazama nyaya za umeme kwanza. Mlingoti usimame mbali nazo kwa angalau mara moja na nusu ya urefu wake wote, pamoja na antena, ili hata ukianguka usizifikie. Kama nafasi hiyo haipo, badilisha mahali, hakuna mjadala. Usipande wingu likianza kukusanyika, na mtu wa pili ashike ngazi muda wote.

Antena ikae mita moja au zaidi juu ya mabati. Ikiyakaribia mno, mabati huyarudisha mawimbi na kuyavuruga. Bomba likizidi mita 3 au 4, lifunge kwa kamba tatu za waya zilizogawanyika sawa kuzunguka nguzo. Kamba mbili hazitoshi, upepo una pande zote.

Unganisha mlingoti na ardhi kwa waya wa shaba usiopungua milimita 16 za mraba, ushuke ulionyooka bila kona kali hadi kwenye fimbo ya erthi, na erthi hiyo iunganishwe na erthi ya umeme wa nyumba. Kazi hii ya mwisho mpe fundi umeme. Weka pia kinga ya radi kwenye waya wa antena kabla haujaingia ndani.

Tusidanganyane hapa: erthi inaondoa chaji inayojikusanya na inasaidia radi inayopiga jirani. Radi ikipiga mlingoti moja kwa moja, ruta haina bima. Dhoruba ikionekana kwa mbali, chomoa nyaya kutoka kwenye ruta. Ukishasikia ngurumo, umechelewa, usiuguse waya.

Umefanikiwa kama: ukiutikisa mlingoti kwa mikono miwili, antena haigeuki.

## Hatua ya 6: Kulenga

Kabla ya kupanda, ingia kwenye mipangilio ya ruta. Ruta nyingi zina chaguo la antena: ya ndani, ya nje, au ijichagulie. Weka ya nje. Ikiachwa ijichagulie, mara nyingine hung'ang'ania ile ya ndani na utalenga hadi jua lizame. Kama ruta inaruhusu kufunga bendi, ifungie ile uliyoandika hatua ya 2 ili isiruke huku na huku unapopima.

Sasa mmoja apande, mwingine akae na skrini ya ruta.

Anza na upande wa dira ulioandika. Soma dira ukiwa umesimama mbali na mabati na bomba, maana chuma huivuta. Geuza antena nyuzi 10 hadi 15 kwa mara moja, acha nusu dakika hadi dakika nzima, aliye chini asome, andika. Endelea mpaka umepita nyuzi 45 kila upande. Wengi hushindwa kwa haraka: wanageuza, hawaoni kitu, wanageuza tena, na namba iliyokuja ilikuwa ya mkao uliopita.

Chagua mkao kwa SINR, si kwa RSRP peke yake. Mkao wa RSRP -98 na SINR 14 utaushinda ule wa -93 na SINR 5 karibu kila mara.

Ukishapata upande, jaribu kimo na pembeni. Sogeza antena nusu mita juu, chini, kushoto, kulia. Mawimbi yanayogonga ardhi, paa na kilima hukutana na yale ya moja kwa moja. Mahali pengine yanajumlishana, pengine yanafutana, na umbali kati ya mahali hapo ni mdogo. Usishangae ukipata namba bora ukiishusha. Juu zaidi si bora zaidi kila mara, hasa kama juu ndiko inakoanza kusikia minara ya mbali.

Mnara wa kwanza ukikataa, jaribu wa pili, hata kama uko mbali zaidi. Minara mingi ina pande tatu, na ule wa jirani unaweza kuwa umekupa pengo kati ya pande mbili. Pia kuna ujanja wa kilima: kikiuziba mnara kabisa, elekeza antena ukingoni mwake au kwenye mwamba mkubwa wa kando. Mara kadhaa mawimbi yaliyojirudi huko yamenifaa kuliko yale yaliyozibwa.

Umefanikiwa kama: RSRP imepanda 10 hadi 20 ukilinganisha na ile ya ndani ya hatua ya 1, na SINR imepanda nayo. Mfano, kutoka -112 na 1 hadi -97 na 12. Pima kasi saa ileile uliyopima mwanzo, la sivyo unalinganisha asubuhi na usiku. Kisha kaza nati zote, na uchore alama ya rangi kwenye bomba na kibanio ili antena ikigeuzwa na upepo ujue ilikuwa wapi.

## Hatua ya 7: Ziba maji

Maji ndani ya kiunganishi huua kazi nzuri taratibu, na hutayaona. Kila kiunganishi cha nje kizungushie tepu ya mpira inayojigandisha, ukiivuta hadi inyooke, kisha juu yake tepu nyeusi. Anzia chini kwenda juu, ili mikunjo ilaliane kama vigae na maji yateleze.

Kabla waya haujaingia ukutani, uache uning'inie kidogo chini ya tundu kisha upande. Maji yatadondokea kwenye kitanzi hicho badala ya kufuata waya hadi ndani. Tundu la ukuta liiname kuelekea nje. Usiupitishe waya kwenye dirisha linalofungwa juu yake, ukibanwa umeharibika hata kama ganda halijapasuka. Kona ziwe pana, angalau mara kumi ya unene wa waya.

## Ikigoma

Namba hazikubadilika kabisa. Chomoa waya wa antena kwenye ruta huku ukitazama skrini. Namba isiposhuka, ruta haiisikii antena: ni ncha ya RP-SMA, au mipangilio ya antena ya ndani, au umechomeka tundu la Wi-Fi.

RSRP imepanda, SINR imeshuka. Antena inasikia mnara mwingine kwa nguvu. Igeuze kidogo upande wa mbali na kelele, au ishushe ili ukuta wa nyumba uzibe upande huo.

Namba nzuri, kasi mbovu saa zote. Angalia kifurushi chako; vingine hupunguzwa kasi baada ya kiasi fulani cha data. Kisha angalia Wi-Fi yenyewe: iunganishe kompyuta na ruta kwa kebo, upime tena.

Ruta iko vizuri, simu bado inasema hakuna mtandao. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Antena inailisha ruta, haiigusi simu. Washa huduma ya kupiga simu kupitia Wi-Fi, au tumia programu.

Ilifanya kazi, ikafa baada ya mvua. Fungua viunganishi vya juu. Shaba iliyogeuka kijani au yenye unga mweupe haisafishwi. Kata ncha, funga kiunganishi kipya, ziba upya. Waya uliokunywa maji kwa mita nyingi hautibiki, badilisha wote. Hata isipokufa, panda ukague viunganishi na alama zako za rangi baada ya mvua kubwa ya kwanza, na tena kila msimu wa upepo.